Kusikiliza na kutazama nyumbani bila kula bando: njia sita na tofauti zake

Wimbo uko kwenye simu ya baba, sabufa iko sebuleni, TV iko ukutani, na watoto wana simu nyingine mbili. Wote wako chini ya bati moja. Hata hivyo, kuanzia Soni hadi Mtae, nyumba nyingi hutumia njia ndefu: baba anatuma video kwa WhatsApp iende kwenye simu ya mama aliyekaa hatua tano kutoka kwake. Faili la MB 50 linakula MB 50 za anayetuma likipanda, kisha MB 50 nyingine za anayepokea likishuka. Ni sawa na kutoka jikoni kwenda sebuleni kwa kupitia Mombo.

Makala haya yanalinganisha njia sita za kusikiliza na kutazama mafaili yaliyo nyumbani tayari. Hakuna hata moja inayohitaji bando wakati wa kutazama. Bando utalihitaji mara moja tu, unapopakua faili lenyewe au programu ya kulichezea. Hilo lina maana kubwa kwetu sisi wa milimani, kwa sababu nyumba ya mgongoni inaweza kupata mtandao mzuri huku ya bondeni, nusu saa kwa miguu, inapata kijistari kimoja tu. Ukishalipata faili, usilifuate tena kule juu.

Tofauti ya kurusha, kutiririsha na kuakisi

Watu wengi huyachanganya maneno haya matatu, ndiyo maana wanachagua njia isiyowafaa.

Kurusha ni kutoa nakala. Faili linabaki kwako na jingine kama hilo linakaa kwa mwenzako. Akizima simu, akienda shambani au akisafiri kwenda Tanga, nakala yake anayo.

Kutiririsha ni kucheza faili pale lilipo. Faili linabaki kwenye simu au kompyuta moja, na sauti au picha zake zinapelekwa kidogo kidogo kwenye TV, sabufa au simu nyingine. Mwenye faili akizima simu, na wewe umekwama.

Kuakisi ni kuonyesha kioo chote cha simu kwenye TV. Kinachoonekana kwenye simu ndicho kinachoonekana ukutani, pamoja na ujumbe unaoingia.

Ukubwa wa mafaili

Kipindi cha redio cha nusu saa, kikirekodiwa kwa ubora wa kawaida wa mazungumzo, ni kama MB 14. Muziki wa saa moja wenye ubora mzuri ni kama MB 58. Filamu ya saa moja na nusu inayotosha kioo cha simu au TV ndogo ni kama MB 700.

Sasa chukua hiyo filamu ya MB 700. Watu watano wakiitazama kila mmoja kwa simu yake kutoka intaneti, nyumba imetumia GB 3 na nusu. Mmoja akiipakua na wengine wakaitazama kwa njia za hapa chini, nyumba imetumia MB 700 tu, hata wakiirudia mara kumi.

Njia ya kwanza: flashi na memori kadi

Hii ndiyo kongwe na ndiyo rahisi kuliko zote. Flashi inachomekwa kwenye TV, sabufa, redio au baadhi ya ving'amuzi, na faili linacheza. Haihitaji mtandao, nywila wala programu. Hata simu ya tochi yenye nafasi ya memori kadi inacheza nyimbo, na baadhi ya simu hizo hurekodi redio FM moja kwa moja kwenye kadi.

Yako mambo mawili yanayosumbua. La kwanza ni mpangilio wa flashi. Flashi nyingi huja katika mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Ukiambiwa nafasi haitoshi huku unaona nafasi ipo, tatizo linaweza kuwa hilo. La pili ni aina ya video. TV za zamani husoma vizuri MP4 iliyotengenezwa kwa mfumo wa H.264, lakini nyingi hazisomi H.265, ule mpya unaopunguza ukubwa wa faili. Dalili yake ni sauti kusikika bila picha, au TV kusema faili halifahamiki. Unapomwomba mwenye kibanda akuwekee filamu, mwambie unataka MP4 ya H.264.

Usichomoe flashi wakati faili linahamishwa. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, angalia faili hilo kabla ya kulifuta kule lilikotoka.

Njia ya pili: kurusha kwa Bluetooth au kwa Wi-Fi ya simu kwa simu

"Nirushie" ya mtaani ina barabara mbili, nazo hazilingani kwa mwendo.

Bluetooth iko karibu kila simu, pamoja na za tochi, lakini ni ya polepole. Kwa mwendo wake wa kawaida, kipindi cha MB 14 huchukua dakika moja hivi, jambo linalovumilika. Filamu ya MB 700 huchukua kama dakika 45, na simu zikitengana inaweza kukatika ukaanza upya.

Wi-Fi Direct ni teknolojia iliyoanza kuthibitishwa kwenye vifaa mwaka 2010. Simu mbili huunganishwa moja kwa moja bila ruta na bila intaneti. Ndiyo njia wanayoitumia Xender, SHAREit na Quick Share wanapohamisha mafaili makubwa. Filamu ile ile ya MB 700 huenda kwa dakika mbili au tatu.

Kama simu zote mbili ni za Android za miaka ya karibuni, jaribu kwanza Quick Share, kwa kuwa mara nyingi imo ndani ya simu tayari. Programu za kupakua zina matangazo mengi, na baadhi huomba ruhusa ya kuona majina ya watu wako na mahali ulipo. Ruhusa isiyohusiana na kazi ya kurusha mafaili, ikatae kwanza uone kama kazi inafanyika bila hiyo.

Njia ya tatu: sauti ya Bluetooth kwenda kwenye sabufa

Hapa ndipo kutiririsha kunapoanza. Wimbo unabaki kwenye simu na sauti inasafiri kwenda kwenye sabufa. Inafaa kwa muziki, mahubiri, kaswida, mawaidha na vipindi vilivyorekodiwa. Mita 10 ndani ya chumba kimoja si tabu, lakini ukuta mnene wa matofali au mawe hupunguza umbali huo.

Tahadhari ni mbili. Simu iliyounganishwa na sabufa inaweza kupeleka huko pia ujumbe wa sauti wa WhatsApp na mlio wa simu inayoingia. Maneno uliyotumiwa faraghani yatasikika hadi kwa jirani. Vilevile sabufa nyingi hazina nywila ya kuunganisha, kwa hiyo kijana aliye nje anaweza kujiunga na kubadilisha wimbo. Ukimaliza, zima Bluetooth ya simu.

Njia ya nne: hotspoti na programu ya kucheza

Njia hii ndiyo tunayodhani inastahili kujaribiwa na wengi zaidi, kwa kuwa haihitaji kununua chochote. Watu huiogopa kwa sababu wamezoea kuamini kwamba hotspoti ni kugawa bando. Hotspoti ni mtandao wa Wi-Fi unaotengenezwa na simu. Bando ni kitu kingine kinachopita ndani yake, kama data imewashwa. Data ikizimwa, mtandao unabaki, na vifaa vya nyumbani vinaendelea kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe.

Fanya hivi:

1. Kwenye simu yenye mafaili, zima data. Usiruke hatua hii.
2. Washa hotspoti. Simu iliyowekwa kwa Kiswahili huiita mtandaopepe. Weka nywila.
3. Unganisha simu ya pili au TV ya kisasa kwenye mtandao huo. Itakuonya kwamba hakuna intaneti. Chagua kubaki umeunganishwa.
4. Kwenye simu yenye mafaili, fungua programu inayogawa mafaili. BubbleUPnP ni mojawapo. Programu nyingi za kusimamia mafaili pia zina sehemu ya FTP, ambayo ukiiwasha inakupa anwani yenye tarakimu.
5. Kwenye kifaa cha pili, fungua VLC, nenda sehemu ya kuvinjari mtandao wa nyumbani, chagua jina la simu yako au andika ile anwani ya FTP, kisha chagua faili.

VLC ni ya bure na haina matangazo. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, waliotaka kutazama video kupitia mtandao wa chuo chao. Kwa hiyo kutiririsha ndani ya mtandao wa ndani ndiko kulikoizaa.

TV nyingi za kisasa husoma pia mfumo unaoitwa DLNA, ulioanza mwaka 2003 ili vifaa vya makampuni tofauti vielewane nyumbani. Kwenye TV hizo huhitaji hata VLC. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha picha, mahali penye HDMI na USB, na jina la simu yako litaonekana humo.

Filamu yetu ya MB 700 inahitaji mwendo wa takriban megabiti moja tu kwa sekunde. Wi-Fi ya simu ya kawaida ina uwezo mara nyingi zaidi ya huo, kwa hiyo watu watatu wanaweza kutazama vitu vitatu tofauti bila kukwama.

Sababu ya kusisitiza hatua ya kwanza ni hii. Simu inayojiunga na Wi-Fi hudhani imepata intaneti ya bure. Inaanza kusasisha programu, kupandisha picha kwenye hifadhi na kupakua video za makundi. Data yako ikiwa imewashwa, bando la wiki linaweza kuisha kabla filamu haijafika katikati, na wala si filamu iliyolimaliza. Kama ni lazima data ibaki wazi, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu inayojiunga, uiambie kwamba mtandao huo unapimwa.

Hotspoti pia hula chaji. Iweke simu kwenye chaja, au anza ikiwa imejaa.

Njia ya tano: kompyuta na ruta

Hii inafaa nyumba ya mwalimu, hosteli, kikundi cha vijana au nyumba ya wageni, mahali penye mafaili mengi na watumiaji wengi. Ruta hufanya kazi hata kama haijalipiwa intaneti. Kazi yake hapa ni kuviunganisha vifaa vya ndani tu.

Kompyuta inaweza kugawa mafaili kwa namna mbili. Ya kwanza ni kushiriki folda kupitia Windows, na simu zikaifungua kwa VLC. Ni rahisi, lakini utaona majina ya mafaili tu, bila picha wala mpangilio. Ya pili ni kuweka seva ya burudani kama Jellyfin, programu ya bure iliyoanza mwaka 2018. Hii hupanga filamu, nyimbo na masomo katika makundi na hukumbuka ulipoishia. Pia inakuwezesha kumpa kila mtu akaunti yake, ili watoto wasione visivyowahusu. Simu inaifungua kwa kivinjari cha kawaida, kwa kuandika anwani ya kompyuta na kumalizia na namba 8096.

Gharama yake ni umeme. Kompyuta lazima iwe imewashwa muda wote wa kutazama, nayo hula umeme kuliko simu. Kwa nyumba inayotegemea sola ndogo, njia ya nne ni nafuu. Pia, faili likiwa la aina ambayo simu haiisomi, Jellyfin huligeuza papo hapo, na kompyuta ya zamani huelemewa. Dawa ni ile ile: hifadhi video zako kwa MP4 ya H.264.

Wazo hili limeshavuka nyumba za watu binafsi. Kibera, Nairobi, mtandao wa jamii uitwao TunapandaNET huunganisha shule na vituo vya vijana, na masomo hukaa kwenye seva iliyo hapo hapo mtaani. Ipo pia Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa mahususi kwa shule zisizo na intaneti. Kompyuta moja hubeba video na mazoezi, na wanafunzi huyafungua kwa Wi-Fi ya darasani. Shule yenye kompyuta moja na ruta moja inaweza kuanza hivyo hivyo.

Njia ya sita: kuakisi kioo

Mfumo wa Miracast, ulioanza mwaka 2012, huunganisha simu na TV moja kwa moja, bila ruta na bila bando. Ni wa haraka kuandaa na unafaa kuonyesha picha za harusi au kumfundisha mtu matumizi ya simu. Kwa filamu ndefu haufai sana, kwa sababu kioo cha simu lazima kibaki kinawaka, chaji inakwenda, na ujumbe wa M-Pesa au wa mpenzi unaonekana na familia nzima. Si kila simu ina Miracast, hivyo usinunue TV kwa sababu hiyo kabla hujaijaribu na simu yako.

Usichanganye njia hii na alama ya kurusha iliyo ndani ya YouTube. Ukiibonyeza hiyo, TV inakwenda yenyewe intaneti kuichukua video, na bando linatumika kama kawaida.

Uchague ipi

- TV ya kawaida yenye tundu la USB tu: flashi. Kutiririsha hakuwezekani bila kuongeza kisanduku cha kuifanya TV iwe ya kisasa.
- Simu ya tochi na sabufa: memori kadi, au sauti ya Bluetooth.
- Simu mbili, na mwenzako anaondoka kesho: mrushie kwa Wi-Fi Direct.
- Simu ndogo isiyo na nafasi na nyingine iliyojaa mafaili: hotspoti na VLC. Simu ndogo inatazama bila kuhifadhi chochote.
- Watu wengi, mafaili mengi, umeme wa uhakika: kompyuta na ruta.
- Kuonyesha kitu kwa dakika chache: kuakisi.

Ikigoma

TV haioni simu: hakikisha vifaa viko kwenye mtandao mmoja wenye jina lile lile. Ikiwa bado, geuza mpango. Simu nyingine iwashe hotspoti, nayo yenye mafaili ijiunge kama mgeni.

Kompyuta haionekani: Windows huficha mafaili kwenye mtandao inaoudhani ni wa umma. Ubadilishe uwe wa binafsi.

Picha inakwama kwama: sogea karibu, au badilisha masafa. Ya GHz 5 yana kasi lakini hayapiti vizuri kuta nene. Ya GHz 2.4 yana kasi ndogo lakini yanafika mbali, na kwa filamu ya kawaida yanatosha.

Simu inajitoa kwenye mtandao: inafanya hivyo kwa kukosa intaneti. Iambie ibaki, kama tulivyoeleza kwenye hatua ya tatu.

Kilichopo kimoja tu, kinakili kwanza

Filamu ikipotea utaipata kwingine. Sauti ya bibi akisimulia kwa Kisambaa habari za ukoo, video ya harusi, au maneno ya mwisho ya mzee aliyetangulia mbele ya haki havipatikani kibandani wala intaneti. Mara nyingi vinakaa kwenye memori kadi moja, ndani ya simu moja, mfukoni mwa mtu anayekwenda shambani wakati wa mvua.

Ndiyo sababu tumetenganisha kurusha na kutiririsha tangu mwanzo. Nyumba nzima inaweza kuisikiliza sauti ya bibi kila jioni kupitia hotspoti na bado ikabaki nakala moja tu. Simu ikiibiwa au kadi ikifa, wote mmepoteza kwa siku moja. Kwa mafaili ya aina hii anza kwa kurusha. Weka nakala kwenye simu ya pili, na nyingine kwenye flashi inayokaa nyumba tofauti, kwa mfano kwa shangazi au kwa mtoto anayeishi mjini. Andika jina la msimuliaji na tarehe kwenye jina la faili, maana "AUD-0047" haitamwambia mjukuu kitu. Baada ya hapo tiririsheni mtakavyo.

Na kuhusu kazi za wasanii

Kutazama na familia yako nyumbani ni jambo moja. Kuonyesha filamu au kupiga muziki kwa umma, kama kwenye kibanda cha video, baa, hoteli au basi, kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Kutiririsha badala ya kunakili hakubadilishi sharti hilo.

Kama unataka kuanza leo, chukua simu mbili, zima data zote, washa hotspoti kwenye moja na ucheze wimbo mmoja kutoka kwenye nyingine. Angalia salio la bando kabla na baada ya kucheza. Likiwa halijapungua, umeshaelewa sehemu iliyo ngumu, na TV utaiunganisha kwa hatua zile zile.